Mpaka Mama Mkubwa Apande

Watu wakisikia nilisomea ustawi wa jamii huniuliza maswali mawili. La kwanza, hiyo ni kazi gani. La pili, kabla sijajibu la kwanza, unga wa msaada unakuja lini. Hilo la pili nimeulizwa kanisani, sokoni na msibani. Siku moja niliulizwa nikiwa nimelala kwenye kitanda cha kliniki nikisubiri kudungwa sindano, na aliyeuliza ni muuguzi mwenyewe, sindano mkononi. Siku hizi sijibu. Nasema unga uko njiani, na mazungumzo yanaendelea.

Wakati naomba nafasi chuoni nilikuwa na kibanda cha chai kule Masara, karibu na mahali wanawake wanaposafisha mchanga wa dhahabu. Ukiuza chai penye dhahabu unasikia mengi kuliko padri. Mume amepotea na pesa, mtoto ameacha shule abebe mawe, mashemeji wamechukua shamba. Wote walikuja kunieleza mimi, chai ikipoa, na mimi nilikuwa na jibu la kila mtu. Afisa wa watoto akija kumtafuta mtoto fulani alianzia kwangu, maana nilijua mtoto ni wa nani, analala wapi na nani anasema uongo. Ni huyo afisa aliyeniambia kwamba kuna shahada ya mambo haya haya niliyokuwa nikiyafanya bure, na kwamba kuna chuo kinachowachukua hata watu wazima, bora wawe na diploma. Diploma nilikuwa nayo. Niliipata kabla ya kuolewa, na ilikuwa ndani ya bahasha chini ya godoro, imebaki huko hata baada ya mume mwenyewe kwenda zake.

Basi kila mtu akawa na maoni. Kaka yangu mkubwa, anayekaa nyumbani kwetu upande wa Kuria karibu na mpaka, alisema nisome ualimu. "Mwalimu kila mtu anamjua. Huyo wako mtu atamjuaje?" Mama aliniuliza kama nitavaa sare. Nikasema hapana. Akafikiri, kisha akauliza kama basi angalau nitapewa pikipiki. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kwangu kila asubuhi kwa mkopo alitaka kujua tangu lini watu wakafundishwa huruma, kana kwamba huruma ndiyo iliyokuwa ikimwekea sukari. Mtandao wa chuo nao ulikuwa na maoni yake. Unajaza kurasa zote, unabonyeza, unaambiwa uanze upya kwa sababu jina lako la tatu limeandikwa tofauti na la kwenye kitambulisho. Mimi na dada wa saiba, duka la kukodi kompyuta pale Migori mjini, tulifahamiana kuliko ndugu.

Halafu wakataka insha. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini unataka kazi hii. Dada wa saiba alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta, ile ile aliyowapa watu wote, ikianza na "Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuwasaidia wasiojiweza." Nikamwambia akae nayo. Mimi nilikuwa na yangu.

Niliandika juu ya mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Mama yangu alikuwa wa pili. Mwaka mmoja wa kiangazi, nikiwa mdogo, mama mkubwa alilifunga ghala la mtama na kuufunga ufunguo kwenye pindo la leso yake, na watoto wa nyumba yetu tukala viazi vitamu asubuhi na jioni mpaka tukavichukia. Niliandika kwamba siku ile nilijua nitakuja kuwa mtu wa kufungua maghala. Niliipenda sana hiyo sentensi. Nilimsomea dada wa saiba mara mbili.

Wakaniita kwa mahojiano. Mezani walikuwa watu kadhaa, na wote walitabasamu isipokuwa mhadhiri mmoja, mama mfupi mzaliwa wa Mfangano, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alikuwa na insha yangu mbele yake.

"Kwa nini alifunga ghala?" akauliza.

"Alikuwa na roho mbaya."

"Uliuliza, au ulijua?"

"Nilikuwa mtoto, Daktari."

"Sasa wewe si mtoto."

"Kila mtu pale kwetu anajua."

"Kwa hiyo hukuuliza," akasema, akavaa miwani na kuandika kitu ambacho mpaka leo ningependa kukiona.

Nilitoka pale nikiwa na hasira za kutosha kupikia maharagwe. Mtu anakuita kutoka Masara, unavaa viatu vya kuazima, unamweleza uchungu wa mama yako, yeye anataka usikie upande wa aliyekunyima chakula. Niliwaambia watu wote wa kibandani kwamba nimeanguka na kwamba hata sikitaki chuo chao. Walipoandika kwamba wamenichukua, ilibidi niwazungukie watu wale wale kuwaeleza upya. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amejifungua. Kaka akasema ni vizuri, lakini ualimu ungekuwa bora.

Huyo huyo mama wa Mfangano ndiye aliyetufundisha mahojiano na wateja. Katika kazi hii watu unaowahudumia huitwa wateja, neno ambalo mimi muuza chai nililizoea upesi. Ambalo sikulizoea ni lile swali lake. Ukisema mteja wako ni mlevi, uliuliza au ulijua? Ukisema mtoto haendi shule kwa sababu ya umaskini, uliuliza au ulijua? Ilifika mahali mtu akiingia darasani amelowa chapachapa alikuwa anaogopa kusema kunanyesha. Bwenini nilikuwa namwiga, miwani na kila kitu, na wasichana ambao ningeweza kuwazaa walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kwenye mitihani ya kuandika niliongoza. Kwenye mazoezi ya kuzungumza na mteja nilipata alama za kunitoa machozi, kwa sababu, aliandika pembeni, namalizia watu sentensi zao. Nilikuwa nawasaidia. Mtu anajikokota na neno, wewe unalijua, unamwacha ateseke kwa nini?

Mwaka wa mwisho ukafika na mafunzo ya nyanjani. Utaratibu ni kwamba unapewa familia, mnakubaliana mpango, mpango unatekelezwa, na mhadhiri anakuja kuuona kwa macho yake. Usipoonekana, unarudia mwaka. Kwangu mimi kurudia mwaka ilikuwa ni kuacha kabisa. Kibanda cha chai kilikuwa tayari cha mtu mwingine. Binti yangu alikuwa analelewa na mama kule nyumbani, na likizo ya mwisho alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akaniletea maji, akaniuliza nimesafirije. Alinipokea kama mgeni wa heshima. Nililia chooni. Nikajiapia kwamba mwaka huo ndio wa mwisho, kufa kupona.

Wakanipeleka Homa Bay, kwa shirika dogo lililokuwa likisaidia watoto yatima kwenye vilima vya juu ya ziwa. Familia niliyopewa ilikuwa boma moja la Wajaluo. Mwenye boma alikuwa amekufa zamani, akaacha wake wawili, wote wameshazeeka, na wajukuu watatu yatima. Msaada wa shirika ulikuwa unakwisha mwaka huo. Mpango, basi, ulikuwa rahisi hata kwa mtoto: mbegu ya mahindi na maharagwe imetolewa, mvua ndefu ikifika shamba la boma lipandwe lote, watoto wapate chakula. Nilisema moyoni kwamba Mungu ameniona.

Siku ya kwanza mzee wa kijiji alinisindikiza. Kwenye boma la Kijaluo ukipita langoni, nyumba inayokutazama moja kwa moja ni ya mke wa kwanza, ambaye wenyewe humwita mikayi. Ya mke wa pili iko kulia. Mikayi alikuwa ameketi mlangoni pake, mwembamba, macho yamefifia, fimbo mapajani. Mzee wa kijiji akakata kulia. "Watoto wako huku," akasema. Nami nikakata kulia. Nilimpungia yule bibi mkono.

Mke wa pili alitupokea vizuri. Alikuwa mama mnene, Msabato, mwenye kicheko cha karibu. Watoto walilala kwake, vitabu vyao vilikuwa kwake, blanketi za shirika zilikuwa kwake. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ndani ya fremu, yeye katikati na wale watoto watatu wamevaa sare mpya, picha ambayo watu wa shirika walimletea. Tulikaa chini ya hiyo picha, tukanywa chai, tukakubaliana kila kitu. Kila Jumanne baada ya hapo nilifika, nikapunga mkono, nikakata kulia.

Mvua ikaja. Ikanyesha vizuri, mvua ya kumfanya mtu aimbe. Maboma yote ya kilima kile yakapanda. Jumanne nikapanda kilima nikijua nitakuta mistari. Shamba lilikuwa limelimwa na halina kitu. Mbegu iko ndani kwenye gunia.

"Mikayi hajapanda," mke wa pili akaniambia.

"Sasa?"

"Sasa nini? Ni yeye anaanza. Akishatia mbegu yake ndipo mimi naweza kutia yangu. Mimi nikimtangulia naleta chira katika boma. Watoto wataanza kukonda bila ugonjwa."

"Mama, si wewe umeokoka?"

"Nimeokoka kabisa. Siamini hayo mambo." Akapepeta kidogo mchele uliokuwa kwenye ungo wake. "Lakini sipandi."

Haya. Nikaenda kwa mikayi, mke wa pili akinitafsiria kwa sababu bibi hakujua Kiswahili na mimi Kijaluo changu kilikuwa cha kununua nyanya. Nikaeleza umuhimu wa kupanda mapema. Bibi akatazama lango. Nikaeleza lishe ya watoto. Akatazama lango. Nikamaliza. Akasema maneno mawili, na mke wa pili akatafsiri: "Amesema mgongo unauma."

Wiki iliyofuata nilileta watu wa kumlimia. Mgongo, akasema. Si lazima ainame, nikasema, adondoshe punje moja tu, watu wengine wamalizie. Akasema kifua nacho. Nilimleta mzee wa kijiji, akatoa hotuba ndefu akimalizia kwa kuniomba nauli. Nilimleta pasta wa Wasabato, akaomba mpaka kuku wakaingia kulala, bibi akaitikia amina na hakupanda. Shirika lilisema hiyo ni mila, tuiheshimu. Nilipowauliza kama watoto watakula mila, walisema nipunguze sauti.

Mahindi ya jirani yakatoa majani. Yakafika kifundo cha mguu. Mimi usiku sikuwa nalala, na si kwa ajili ya watoto peke yao, nitasema ukweli. Nilikuwa namwona mama mkubwa wetu na ufunguo wake kwenye leso. Wake wa kwanza nilikuwa nawajua. Nililelewa kwenye kivuli cha mmoja. Akipewa kitu cha kushikilia, hakiachi mpaka watu wote wapige magoti, na huyu hapa naye alikuwa ameshikilia boma zima, na chuo changu ndani yake, kwa kukaa tu kwenye kigoda.

Mhadhiri alituma ujumbe kwamba atafika Jumanne mchana. Nilitoka alfajiri. Nilipita langoni, na kwa mara ya kwanza sikukata kulia. Si kwa busara, nilikuwa na hasira tu, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa mbele. Nikasimama mbele ya yule bibi na matope yangu mpaka magotini. Mke wa pili akaja mbio kutafsiri. Sikumngoja.

"Kwani wewe unataka nini?"

Nilimwambia hivyo, kwa sauti, mtu wa umri wa nyanya yangu, na nikamwita wewe. Mke wa pili alifunika mdomo.

Bibi akageuza uso polepole kufuata sauti yangu.

"Umechelewa kuuliza, nyar Kuria," akasema, yaani binti wa Kuria. Alisema kwa Kiswahili, na si cha kubahatisha.

"Unajua Kiswahili?"

"Nilipalilia miwa Muhoroni kabla mama yako hajaolewa. Na wasimamizi tungeongea nini?"

"Wiki zote hizi. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Nyuma yangu mtu alikohoa. Sikuhitaji kugeuka. Kikohozi hicho nilikuwa nimekiiga bwenini miaka mingi. Mama wa Mfangano alikuwa amefika asubuhi badala ya mchana, amesimama kando ya ua wa minyaa, viatu mkononi, na alikuwa amenisikia nikimfokea mteja. Nikajua mambo yangu yamekwisha. Kwa kuwa yamekwisha, sikuwa na haja ya kusema tena neno lolote, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika boma lile kwamba nimefunga mdomo.

"Baba ya hawa watoto alizaliwa nyumba gani?" bibi akaniuliza.

Sikujua. Nilimtazama mke wa pili, naye akatazama vidole vya miguu yake.

"Hapa," bibi akasema, akigonga sakafu kwa fimbo. "Humu. Nilizaa mmoja tu. Nikamzika yeye na mke wake, nikabaki na watoto wao. Macho yakaanza kuisha. Nikaogopa nitawaunguza na moto wa jikoni. Nikamwambia mwenzangu, walale kwako. Walale. Sikumwambia awazae. Watu wakaja na blanketi. Wakauliza wanalala wapi, wakaenda huko. Wakapiga picha. Mimi nimekaa hapa nasikia wanacheka. Hakuna mtu alikuja kuniuliza hata watoto wanaitwa nani, na majina ni mimi niliwapa. Halafu ukaja wewe. Kila wiki unanipungia mkono kama mtu anafukuza inzi."

Mvua ya asubuhi ilikuwa inaanza tena, nyembamba.

"Unataka nipande. Nikipanda watakula. Wakila, mtasema yule wa kwenye picha amewalisha wajukuu wake. Basi apande yule wa kwenye picha."

Nikamgeukia mke wa pili. "Ni kweli?"

"Ni wa mwanawe kabisa," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na wewe, mwanangu, unaongea sana."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu. Badala yake nikaketi chini pale mlangoni, kwenye udongo, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na kwa sababu niliona aibu mpaka masikioni. Kwao na kwetu, ukifika nyumbani kwa mtu kuna salamu ya kwanza ambayo hata mlevi haisahau. Mimi nilikuwa nimeiruka wiki baada ya wiki, mwanafunzi wa shahada.

"Bibi," nikasema, "wajukuu wako hawajambo?"

Mke wa pili alianza kulia kimya kimya, bila kujificha.

"Wajukuu wangu hawajambo," bibi akasema. Kisha akasema mbegu haitiwi jua likiwa limeshapanda, turudi kesho asubuhi, na yule mama mwenye viatu mkononi aingie ndani, ananyeshewa.

Mhadhiri akaingia. Akala nyoyo iliyowekwa mbele yake, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akamaliza sahani. Ni yeye aliyetufundisha kwamba hatuli kwa mteja. Nilimkodolea macho mpaka akaniambia kwamba kanuni hiyo ni ya wanafunzi.

Asubuhi iliyofuata mjukuu mkubwa, msichana, alimshika bibi kiwiko mpaka shambani na kumwonyesha shimo la kwanza kwa mguu. Bibi akainama, na mgongo haukuwa na neno. Akatia punje, akafukia kwa kisigino, akamwambia msichana atie ya pili. Mke wa pili alikuwa amesimama kwenye mpaka wa sehemu yake na jembe tayari. Bibi hajanyooka sawasawa, mwenzake alikuwa ameshafika katikati ya mstari. Sijawahi kumwona mwanamke mnene akipanda kwa kasi ile.

Mhadhiri, ambaye alikuwa amerudi nami, alinichukua pembeni.

"Ulimfokea mzee kwenye mlango wake."

"Ndiyo, Daktari."

"Hapo nakukata."

"Ndiyo, Daktari."

"Ulipomuuliza anataka nini, ulijua atajibu nini?"

"Sikujua. Nilikuwa nimechoka tu."

Akavaa miwani, akaandika. "Siku nyingine uchoke mapema," akasema. Ndivyo nilivyojua nimepita.

Siku ya mahafali mama alikuja na binti yangu, na kaka akaja na suti na maoni. Tulipokuwa tumekaa kwenye nyasi tukila, nikiwa na joho langu, nilimuuliza mama jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Mama mkubwa alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo ilibidi nimuulize yeye. Kwa nini alifunga lile ghala?

Mama alinishangaa. "Ilikuwa mbegu," akasema. "Mngeila yote. Mvua ikirudi tungepanda nini? Mimi ndiye nilimwomba afiche ufunguo, maana mlikuwa mnalia na mimi nisingeweza kuwanyima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajua tayari," mama akasema, akampa binti yangu kipande cha kuku.

Siku hizi nafanya kazi huku huku Homa Bay, na binti yangu anaishi nami na ananijibu vibaya kama mtoto yeyote na mama yake. Ningekuwa na amani, ila kila mwaka mvua ndefu ikianza, simu inalia. Ni simu ya mke wa pili. Nasikia anagombana na mtu kwamba sikio ni huku, si huko. Kisha bibi anakuja hewani na hasemi kitu. Anapumua tu. Mwaka wa kwanza nilimwambia apande, mvua hiyo, mimi niko mkutanoni. Akaendelea kupumua. Nilimweleza kwamba niko kazini, nina mkubwa wangu mbele yangu, mbegu iko kwao na si kwangu. Nyuma yake mke wa pili anapiga kelele, muulize haraka, mbegu inaota guniani. Nimeshatoka kwenye mikutano, kwenye ibada, na mara moja kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo umekufa ganzi, nikasimama kwenye ukumbi nikiwa nashika shavu.

"Bibi," nasema, "wajukuu wako hawajambo?"

"Wajukuu wangu hawajambo," anasema. "Haya, kata simu. Nina kazi."